Kazi mpya ya kuhudumia wazee na wagonjwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wafanyakazi wenzako

Haya ni maswali ya mtu anayeanza kazi ya kuhudumia wazee, wagonjwa wa kitandani au watu wenye ulemavu, iwe kwenye makao au nyumbani kwa mtu. Mgonjwa mwenyewe utamzoea. Kinachowasumbua wengi mwanzoni ni yule waliyepangwa naye zamu.

Ndiyo kwanza nimeanza. Nimwogope kila mtu?

Hapana. Wengi utakaowakuta wamechoka tu. Zamu ni ndefu, watu ni wachache, mgongo unauma, na mtu wa namna hiyo anaweza kukujibu mkato asubuhi bila kuwa na neno lolote na wewe. Tahadhari unayoihitaji ni ya namna mbili: kuwa mzito wa kusema mambo yako, na kuwa mwepesi wa kuandika mambo ya kazini. Ukishika hayo, huna haja ya kumsoma mwenzako usoni kila saa.

Kuna na hatari ya upande wa pili, nayo huwa haisemwi. Kazi hii ina sehemu ambazo mtu mmoja haziwezi. Kumgeuza mzee mzito, kutumia mashine ya kunyanyulia, kumdaka aliyeishiwa nguvu bafuni, yote yanataka mikono minne. Mhudumu anayeshuku kila mtu huishia kujitenga, halafu anamwinua mgonjwa peke yake kwa sababu hataki kuomba msaada. Hapo ndipo watu wanapoteguka viuno na wagonjwa wanapoanguka.

Kuna mmoja amenipokea vizuri mno. Siku ya kwanza tu kanieleza kila mtu alivyo: fulani mvivu, fulani ni sikio la msimamizi, fulani ana roho mbaya. Nimshukuru au nimkwepe?

Mshukuru kwa mapokezi. Maelezo ya watu yasikilize, itikia "kumbe", kisha nenda kajionee mwenyewe. Mara nyingi huyo hana ubaya na wewe. Yuko kwenye ugomvi wa siku nyingi na ametafuta mtu mpya wa kusimama upande wake kabla wengine hawajamwahi. Wewe hujui ugomvi ulianzaje, na ukishatajwa kwamba "hata mgeni ameliona hilo", tayari umeingizwa.

Ila usimpuuze kabisa. Mtu wa aina hiyo hujua mambo yote ya mahali pale: mgonjwa yupi hukataa kuogeshwa asubuhi lakini hukubali jioni, ufunguo wa stoo unawekwa wapi, ndugu yupi huja na maneno makali. Muulize hayo. Mazungumzo yakirudi kwa wenzenu, kuna kitanda cha kwenda kutandika.

Wananiuliza sana maisha yangu. Nikikaa kimya wanaona najidai.

Na wana haki kidogo ya kuona hivyo, maana mtu asiyesema chochote huonekana anaficha jambo. Toa habari nyepesi: timu unayoishabikia, chakula unachokipenda, kwamba una watoto ikiwa hujali kusema. Bakiza madeni, afya yako, ndoa yako, karatasi zako za uhamiaji kama uko ugenini, sababu ya kuacha kazi ya awali, na mpango wowote wa kuhama.

Mshahara ni habari nyingine. Wafanyakazi kuambizana wanacholipwa ndiyo njia mojawapo ya kugundua kwamba wanapunjwa, kwa hiyo sisemi mfunike milele. Ila subiri uwajue watu kwanza.

Kwenye makabidhiano ya zamu niangalie nini?

Kama kuna saa ya kuwa macho kuliko zote ni hii. Ukishapokea zamu, chochote kitakachoonekana kwa mgonjwa kitahesabiwa kimetokea mikononi mwako, hata kama kilianza jana usiku.

Kwa hiyo usipokee kwa maneno ya mlangoni, "wote wazima, hakuna jipya, haya mimi naenda". Pitieni vitanda pamoja. Mgonjwa asiyejigeuza, angalia kwenye mfupa wa chini ya kiuno, makalio, nyonga na visigino, maana hapo ndipo vidonda vya kulalia vinapoanzia. Vitabu vingi hueleza dalili ya kwanza kuwa ni wekundu usiopotea ukibonyeza kwa kidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo ni vigumu kuuona. Tumia mkono: sehemu iliyo na joto au baridi kuliko ngozi ya jirani, iliyokakamaa au iliyolegea isivyo kawaida, au iliyobadilika ikawa nyeusi zaidi au ya zambarau, ina tatizo. Angalia pia michubuko mikononi na mapajani, na hali ya nepi. Nepi iliyolowa hadi shuka ni taarifa kamili kuhusu saa zilizopita.

Kisha soma fomu ya kugeuza. Utaratibu uliozoeleka kwa mtu asiyejigeuza kitandani ni kila saa 2, ingawa mpango wa mgonjwa wako unaweza kusema vingine. Ukiona saini za usiku mzima zimeandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, mstari mmoja ulionyooka, na mgonjwa amelala vilevile ulivyomwacha jana, usianze kelele. Andika ulichokikuta: saa, sehemu ya mwili, ukubwa, rangi. Mwambie anayeondoka, "Nimeona hapa pana kidonda kinaanza, nakiandika," ili asije kukisikia kwa msimamizi. Hukumtaja na hukumshutumu. Umeandika mwili ulivyo.

Wengine watasema unajifanya mjuaji. Watazoea, na baada ya muda wao pia wataanza kukagua, kwa sababu hakuna anayetaka kurithi kidonda.

Nikikosea kuandika?

Piga mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke bado, weka saini na saa, andika sahihi pembeni. Usifute, usipake rangi nyeupe, usichane ukurasa. Ukikumbuka jambo baadaye, liandike kwa saa ya sasa na useme kwamba limeandikwa baadaye. Kumbukumbu iliyochelewa hueleweka. Iliyopachikwa kinyemela humponza mwandishi wake.

Mwenzangu ananiomba nitie saini dawa ambayo sikuiona ikitolewa. Anasema "ni saini tu".

Usitie. Hili halina mjadala hata kama mwombaji ni rafiki au amekuzidi miaka kumi kazini.

Saini kwenye karatasi ya dawa ni ushahidi kwamba umethibitisha mambo ambayo kila anayetoa dawa hufundishwa: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Kama hukuwepo, hujui hata moja. Kwa dawa kali za maumivu kama morfini jambo ni zito zaidi. Sehemu nyingi hutaka watu wawili wahesabu na kutia saini, na sababu yake ni kwamba dawa hizo huibwa. Huibwa na wafanyakazi, tuseme ukweli. Anayeiba huhitaji saini ya pili, na mgeni asiyejua kukataa ndiye huombwa.

Njia ya kukataa bila vita ni kuitupia lawama sheria: "Samahani dada, mimi bado mpya, nimeambiwa nisitie saini nisichokiona. Tuhesabu pamoja basi, itachukua dakika moja." Mwenye nia safi atahesabu, akinung'unika. Anayekataa kabisa kuhesabu amekupa habari ya kutosha kumpelekea msimamizi.

Kuna dalili nyingine ya kuweka akilini: mgonjwa ambaye karatasi inasema amepewa dawa ya maumivu lakini bado analia kwa maumivu, na hali hiyo hujirudia zamu ya mtu yuleyule. Huenda dawa haitoshi na daktari aongeze. Huenda haikumfikia. Vyovyote vile, andika mgonjwa alivyosema na alivyoonekana, na utoe taarifa.

Wananiambia "hayo ya darasani yaache darasani, hapa tunafanya hivi".

Wakati mwingine wana haki. Mhudumu mkongwe anajua kwamba huyu mzee humeza vizuri akilishwa kwa kijiko kidogo na yule huamka vibaya ukiwasha taa kubwa. Hekima hiyo haimo kwenye kitabu chochote, jifunze kwao.

Njia ya mkato inayomhatarisha mgonjwa ni jambo jingine, na tofauti utaiona. Kumlisha mtu akiwa amelala, kumlaza mara tu baada ya kula badala ya kumwacha ameketi wima nusu saa hivi, kumvuta kwa makwapa, kumwogesha bila kupima maji kwanza, kutumia glavu zilezile kitanda hadi kitanda. Hapo fanya ulivyofundishwa, bila hotuba. Ukilazimishwa, sema, "Msimamizi akinielekeza hivyo nitafanya." Husikii tena neno.

Mgonjwa anadai nimemwibia, na wenzangu wameanza kunong'ona.

Pole. Hili huwapata wahudumu wengi wazuri, na kwa anayeanza linauma kweli.

Mtu mwenye ugonjwa wa kusahau, Alzheimer ama aina nyingine, huweka kitu mahali, husahau kwamba amekiweka, na akili hujaza pengo kwa maelezo yanayoeleweka: kimeibwa. Anayelaumiwa ni aliye karibu, yaani wewe. Usibishane naye. Mwambie mtakitafuta pamoja, na mkitafute kweli. Mara nyingi kiko chini ya mto, ndani ya kiatu, au kimeviringishwa kwenye karatasi ya chooni. Madai yakianza ghafla kwa mtu ambaye hakuwa hivyo, mwambie muuguzi siku hiyohiyo. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa mzee kunaweza kuletwa na maambukizi ya njia ya mkojo, kupungukiwa maji mwilini au dawa mpya.

Lakini usifanye kosa la kusema "huyu anasahau, hana ushahidi" na kuyaacha hapo. Wenye ugonjwa wa kusahau huibiwa pia, hasa kwa kuwa mwizi anajua hawataaminiwa. Kwa hiyo kila dai liandikwe, hata linalokuhusu wewe, na wewe uwe wa kwanza kulipeleka. Ukiletewa na mwingine utakuwa mtuhumiwa. Ukilipeleka mwenyewe umetoa taarifa.

Kinga yake huanza mapema. Usishike kadi ya benki wala namba ya siri ya mgonjwa. Ukitumwa dukani, risiti na chenji vihesabiwe mbele ya mtu na viandikwe. Zawadi, hata kitambaa alichokubembeleza ukipokee, mwambie msimamizi kabla hujaivaa. Pete na saa za mgonjwa mpya ziorodheshwe siku anayoingia.

Kuna kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Nijiunge?

Jiunge, ratiba za zamu mara nyingi hupita humo. Usitume picha ya mgonjwa, kidonda chake, wala jina lake, hata mwenzako akiomba "nione hali yake". Usitume emoji ya kucheka mtu anaposengenywa, kwa sababu hiyo emoji moja itapigwa picha ya skrini na kuhesabiwa kuwa nawe ulisema. Malalamiko yako kuhusu msimamizi yapeleke kwingine kabisa.

Niweke daftari langu mwenyewe?

Ndiyo, la mambo yanayokuhusu wewe: tarehe, saa ulizofanya kazi, zamu ulizobadilishiwa, uliyoambiwa na nani, mbele ya nani. Andika siku hiyohiyo, kwa lugha kavu. "Saa 2 usiku aliondoka, akarudi saa 5" ni bora kuliko "yule mzembe alinitoroka tena". Taarifa za afya za wagonjwa zisiingie humo, maana hizo ni siri na mahali pake ni faili la kazini. Ikikulazimu kutaja mgonjwa, tumia namba ya chumba.

Kuwarekodi wenzako kwa simu ni jambo la kuogopa. Sheria hutofautiana nchi kwa nchi, na ndani ya chumba cha mgonjwa utakuwa umemrekodi pia mgonjwa aliye uchi. Pata ushauri wa chama cha wafanyakazi au mwanasheria kabla hujathubutu.

Nimemwona mwenzangu akimfinya mgonjwa. Nikisema, nitabaki na nani?

Kwanza mgonjwa. Ingia chumbani, jitolee kumalizia kazi: "Niachie, pumzika kidogo." Hilo linasimamisha tendo bila ngumi. Mwangalie mgonjwa, mtulize, kisha toa taarifa kwa msimamizi zamu ile ile, kwa maandishi, ukieleza ulichokiona na kukisikia tu. Usianze kumhoji mgonjwa maswali mengi wala kufanya upelelezi. Hiyo ni kazi ya wengine na unaweza kuiharibu.

Usijidanganye kwamba ni jambo la nadra. Shirika la Afya Duniani linasema karibu mtu 1 kati ya 6 wenye umri wa miaka 60 na zaidi alitendewa ukatili wa aina fulani katika kipindi cha mwaka mmoja, na kwamba kwenye makao ya wazee na taasisi za namna hiyo wafanyakazi 2 kati ya 3 walikiri wenyewe kuwa walitenda ukatili ndani ya mwaka. Humo mna matusi, kufungia mtu chumbani, kumnyima maji ili asikojoe. Mengi hufanywa na watu wa kawaida waliochoka, ndiyo maana yanavumiliwa.

Kuhusu kubaki na nani: huenda wiki kadhaa ukala peke yako. Watakuita mchongezi. Ila fikiria upande mwingine, kwamba sehemu nyingi aliyeona akanyamaza huadhibiwa pamoja na aliyetenda. Msimamizi asipochukua hatua, au akiwa ndiye mtendaji, panda ngazi: mmiliki, ofisi ya serikali inayosimamia makao au ustawi wa jamii, polisi ikiwa mtu ameumizwa. Baki na nakala ya taarifa yako na tarehe uliyoitoa.

Nasikia mmoja ananisema vibaya kwa msimamizi.

Hakikisha kwanza umesikia kwa nani. Huenda aliyekuletea ndiye mpishi wa fitina yenyewe. Kisha zungumza na msimamizi moja kwa moja bila kutaja majungu: "Nina mwezi hapa, ningependa kujua wapi nirekebishe." Kama kuna lililopelekwa, litajitokeza, na utalijibu kwa faili lako. Kumfuata msengenyaji jikoni na kumuuliza "umesema nini juu yangu" huwa kunampa hadithi mpya ya kusimulia.

Kukopeshana na kubadilishana zamu?

Usikope wala usikopeshe mpaka uwajue watu. Kubadilishana zamu ni sawa, kwa maandishi na msimamizi ajue. "Tulikubaliana kwa mdomo" ndiyo hufanya kitanda kikose mtu na jina lako lisomwe.

Mimi nafanya kazi nyumbani kwa familia. "Wenzangu" ni dada wa kazi, mhudumu wa usiku na ndugu za mgonjwa.

Hapo ni pagumu zaidi, kwa sababu hakuna ofisi ya kukimbilia na kila mmoja ana ukaribu wake na mwenye nyumba. Anayefahamika ndani ya nyumba miaka mingi ataaminiwa kabla yako. Mheshimu, mwachie himaya yake ya jikoni, na mkubaliane mapema nani anafua mashuka ya mgonjwa, maana ugomvi mwingi huanzia kwenye mashuka.

Tafuta ndugu mmoja wa kupokea maelekezo kwake. Watoto wa mgonjwa wakivutana kuhusu matibabu au mali, wewe hukusikia kitu. Anzisha daftari moja la mgonjwa linalokaa mezani, ambalo wewe na mhudumu wa usiku mnaliandika wote: amekula nini, amekunywa dawa gani saa ngapi, choo, usingizi.

Ujue pia haki zako. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa 2011, unawahusu wafanyakazi wa majumbani. Katika nchi zilizouridhia, mfanyakazi anatakiwa kuelezwa masharti ya kazi yake kwa njia inayoeleweka, kupata mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo kila wiki, na kubaki na pasi na vitambulisho vyake mwenyewe. Anayekwambia "nipe pasi nikutunzie", awe bosi au mfanyakazi mwenzako anayejifanya mwenyeji wako, mkatalie.

Mwenzangu ananishikashika au kunitumia ujumbe mchafu.

Hiyo imeshatoka kwenye tahadhari, ni kosa. Sema "sitaki" mara moja kwa sauti inayosikika, tunza ujumbe wote bila kuufuta, toa taarifa kwa maandishi, na omba usipangwe naye zamu ya usiku. Mkataba namba 190 wa shirika hilohilo, wa 2019 na unaotumika tangu Juni 2021 katika nchi zilizouridhia, unajumuisha unyanyasaji kwa njia ya simu, njiani kwenda kazini na kwenye makazi yanayotolewa na mwajiri, na unawalinda hata walio kwenye mafunzo. Mgeni asiambiwe kwamba "bado hajathibitishwa" hivyo hana pa kulalamikia.

Nitajuaje wa kumwamini?

Mwangalie akiwa na mgonjwa asiyeweza kusema. Anabisha hodi? Anamfunika anapombadilisha? Anamweleza anachotaka kumfanyia, ingawa hajibiwi? Angalia pia anavyoandika: je, hukiri kwenye karatasi kwamba mgonjwa alikataa kula, au kila siku wote "wamekula vizuri"? Anayeandika ukweli unaomfanya yeye mwenyewe aonekane hakumaliza kazi, huyo anza kumfungulia moyo taratibu. Mara nyingi si yule mchangamfu wa siku ya kwanza. Ni yule mkimya anayerudi kukagua kisigino baada ya zamu yake kwisha.

Nimepata kazi nyingine. Niondokeje?

Msimamizi ajue kabla ya wenzako. Toa notisi kwa maandishi kulingana na mkataba. Kabidhi funguo, sare na kadi ya mlangoni kwa mtu anayetia saini kupokea, na uombe barua ya utumishi ukiwa bado mko vizuri. Waage wagonjwa, hata wasiokumbuka jina lako, isipokuwa umeelekezwa vingine. Toka kwenye kundi la WhatsApp siku hiyohiyo. Daftari lako la saa za kazi usilitupe mpaka mshahara wa mwisho uwe umeingia.